Nzi Wadogo Wanaozunguka Kichwa Msituni: Yupi ni Msumbufu Tu, na Yupi wa Kuogopwa

Mazungumzo ya afya ya umma kwa wakazi wa maeneo yanayopakana na Msitu wa Kakamega



Anayevuka mashamba ya chai ya Nyayo na kuingia msituni kuokota kuni au kuchunga ng'ombe anaijua hali hii. Hajatembea dakika kumi, tayari kuna kundi la wadudu wadogo juu ya kichwa chake. Akisimama wanasimama, akienda wanaenda naye. Mmoja anaingia jichoni, mwingine sikioni, na wengine wanaelea tu mbele ya uso kana kwamba wanamchungulia. Mama hujifunga leso hadi kwenye nyusi, mchungaji hupeperusha tawi, mtoto aliyebebwa mgongoni hulia.

Swali linaloulizwa juu yao ni moja: je, hawa ndio wale nzi wanaopofusha watu? Si swali la kipuuzi. Magharibi mwa Kenya palikuwa na nzi wa namna hiyo, na kuna wazee waliozaliwa kabla ya Uhuru ambao walikua wakisikia habari zake. Jibu fupi ni kwamba kundi linaloelea kichwani karibu kila mara si hao. Nzi aliyepofusha watu alikuwa na umbo lake, saa zake, sehemu yake ya mwili ya kuuma na mahali pake pa kuzaliana. Alishindwa baada ya watu kuacha kuwaita wadudu wote kwa jina moja.

Kwanza, kwa nini kichwa? Pumzi ya binadamu ina hewa ya kaboni dayoksaidi, na wadudu wengi wanaotafuta damu huifuata hewa hiyo kama mgeni anavyofuata moshi hadi jikoni. Kichwani pia kuna joto, jasho, mate na machozi. Jasho lina chumvi. Machozi yana chumvi na protini kidogo, na protini ndiyo jike wa nzi anayoihitaji ili mayai yake yakomae. Sababu nyingine haihusu chakula kabisa. Madume wa aina nyingi za vijidudu hukusanyika hewani juu ya kitu kilichojitokeza, kama kigingi, kisiki au kichaka, wakingoja majike wapite. Mtu aliyesimama kwenye uwazi wa msitu ni kigingi kizuri. Kundi kama hilo halina haja naye, na lingeelea vivyo hivyo juu ya ndoo iliyowekwa juu ya jiwe. Mwenye shaka na ainue fimbo yenye majani juu kidogo ya kichwa chake. Mara nyingi baadhi yao hupanda na kuzunguka ncha ya fimbo, na mwenye fimbo akapata nafuu.

Hatua ya kwanza ya kumtambua mdudu ni kuhesabu mabawa. Nzi wote, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mbu, wana mabawa mawili tu. Nyuki ana manne, ingawa ya nyuma ni madogo na hujificha chini ya yale ya mbele. Jambo hili lina uzito hapa Kakamega kwa sababu baadhi ya "nzi" wanaolaaniwa msituni si nzi hata kidogo. Ni nyuki wasiodunga. Baadhi yao wana urefu wa milimita 3 hivi, ni weusi, vipapasio vyao vimepinda kama kiwiko cha mkono, na wakitazamwa kwa makini huweza kuonekana wamebeba chavua kwenye miguu ya nyuma. Hutua kwenye jasho la shingo na paji la uso kulamba chumvi. Hawana mwiba wa kumdunga mtu. Wakichokozwa karibu na mzinga wao hujipenyeza kwenye nywele na masikio, na wengine hung'ata kwa taya, basi.

Nyuki hawa huchavusha miti ya msitu na mimea ya mashambani, na asali yao huthaminiwa sana. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi na wafugaji wa nyuki walio karibu na msitu huu kuhusu jinsi ya kuwafuga katika mizinga. Kuchoma moto shina lenye tundu lao kwa kudhani ni kiota cha nzi wabaya ni kuteketeza mali na mti kwa pamoja.

Akishahesabiwa mabawa mawili tu, linabaki swali la pili: anauma au hanaumi? Wengi wa wanaong'ang'ania macho hawaumi. Hao ni nzi wa machozi, ambao wataalamu huwaweka katika familia ya Chloropidae. Ni wadogo mno, milimita 2 hivi, wengi wao weusi wanaong'aa, na kwa macho ya kawaida wanaonekana kama hawana nywele. Mdomo wao ni wa kunyonya majimaji, hauwezi kutoboa ngozi. Humjia mtu, wakafukuzwa, wakarudi papo hapo. Hupenda jicho, pembe ya mdomo na kidonda kibichi. Ubaya wao uko miguuni na mdomoni: akitoka kwenye jicho lenye usaha la mtoto mmoja akatua kwenye jicho la mwingine, anaweza kuhamisha vijidudu vya macho mekundu. Kwa hiyo mtoto mwenye macho yanayotoa uchafu anawahitaji wazazi wake kumwosha uso mara kwa mara kuliko anavyohitaji dawa ya kupulizia nzi.

Yuko pia nzi wa usoni, Musca sorbens, ambaye humkuta mtu zaidi bomani na njiani kuliko ndani ya msitu. Anafanana na nzi wa nyumbani na ni mdogo kidogo. Alama yake ni mgongoni: ana mistari miwili mipana ya rangi ya giza, ilhali nzi wa nyumbani ana minne. Huyu ndiye anayehusishwa na trakoma, ugonjwa unaokunja kope ndani hadi nywele zake zikakwaruza mboni. Trakoma imesumbua sana kaunti kame kama Turkana, Samburu, Narok, Kajiado na Baringo. Jike wa nzi huyu hupenda kutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na hafanikiwi vizuri ndani ya choo cha shimo. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vijiji vilivyojengewa vyoo vilipata nzi wachache zaidi, kwa asilimia 30 hivi, kwenye macho ya watoto. Afisa wa afya anayekagua vyoo huonekana kama anaingilia mambo ya watu, lakini ukaguzi huo unalinda macho pia.

Sasa wale wanaouma. Hapa lugha yenyewe inaleta mkanganyiko, kwa maana neno "usubi" limebebeshwa mizigo mitatu. Mmoja huliita usubi nzi mdogo wa mtoni mwenye nundu, mwingine kijidudu cha matope kinachouma machweo, na wa tatu mdudu wa usiku anayetoka kwenye vichuguu. Nchi jirani ya Tanzania, usubi ni jina la ugonjwa wa upofu wa mtoni pia. Wadudu hawa watatu wana maradhi tofauti na kinga tofauti, kwa hiyo mkazi anayeripoti "usubi" peke yake bado hajamwambia afisa wa afya jambo la kutosha.

Usubi wa mtoni ana urefu wa milimita 2 hadi 5. Mwili wake ni mfupi na mnene, rangi yake ni ya giza, mgongo umebinuka kama nundu ya ng'ombe, mabawa ni mapana yasiyo na madoa, na vipapasio ni vifupi kama shanga zilizopangwa. Huuma mchana, kamwe si usiku wa manane. Haingizi sindano kama mbu. Hukata ngozi na kunywa damu inayojaa kwenye jeraha, na akiondoka huacha kitone cha damu, kisha mwasho. Huzaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, kwa hiyo kidimbwi kilichotulia si kwake. Kuna aina nyingi, na nyingi huuma ndege na mifugo bila kumjali binadamu.

Aina iliyoitesa sehemu hii ya nchi ni Simulium neavei. Ilipenda mito yenye kivuli cha msitu, na ilikuwepo Kakamega, Kaimosi, na kusini zaidi katika bonde la Kodera ambalo leo liko Kaunti ya Homa Bay. Haikuelea mbele ya uso. Ilikuja chini chini na kuuma miguuni, mara nyingi bila mtu kuiona mpaka imeshashiba. Ilibeba vijusi vya mnyoo uitwao Onchocerca volvulus kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Minyoo mikubwa hukaa kwenye uvimbe chini ya ngozi kwa zaidi ya miaka kumi, ikizaa vijiminyoo vinavyotambaa ndani ya ngozi. Vijiminyoo hivyo huleta mwasho usiokoma, ngozi ikakunjamana na kuwa ngumu, na vikifika machoni miaka mingi, mtu hupofuka.

Miaka ya 1940 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Kenya, wakiwemo P. C. C. Garnham na J. P. McMahon, waliamua kumwangamiza nzi huyo. Kodera walitia dawa ya DDT mitoni mwaka 1946, na katika bonde lile dogo walifaulu. Hata hivyo kulikuwa na fumbo lililowakera. Usubi wa aina nyingine walijulikana hutagia wapi: viluwiluwi vyao hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama penye mkondo mkali. Wa Simulium neavei hawakuonekana. Mawe yaligeuzwa, majani yakavutwa, na mtoni hapakuwa na kiluwiluwi hata mmoja wa nzi ambaye wazima wake walijaa ukingoni.

Jibu lilipatikana mwaka 1950. V. D. van Someren na McMahon walitangaza katika jarida la Nature kwamba viluwiluwi na mabundo ya nzi huyu yamejishikiza kwenye mwili wa kaa wa mtoni. Walezi wa nzi aliyepofusha watu walikuwa wakitembea chini ya mawe yale yale yaliyokuwa yakigeuzwa. Mtu aliyemvua kaa na kumtupa alikuwa ameshika jibu mkononi. Tangu hapo kazi ilikuwa na macho. Badala ya kukisia, waliweza kuvua kaa, kumkagua gamba na miguu, na kujua kama mto bado una nzi au la. Mito ya magharibi ilitiwa dawa kwa vipimo na kwa ratiba, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 nzi huyo alikuwa ameondoka. Ripoti ya kuangamizwa kwake Kenya, iliyoandikwa na McMahon, Highton na Goiny, ilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1958.

Kuondoka kwa nzi hakukuwaponya wagonjwa siku ile ile, kwa kuwa mnyoo ndani ya mwili huishi miaka mingi. Watafiti waliorudi kuwapima watu miaka 9, 11 na 18 baadaye walichapisha matokeo yao mwaka 1967, na kazi hiyo ni kati ya zilizosaidia ulimwengu kujua umri wa mnyoo huyo. Dawa ya vidonge ya ayvamektini, ambayo kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure kwa ugonjwa huu mwaka 1987, haikuwepo bado. Satoshi Ōmura na William Campbell, waliohusika na ugunduzi wake, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Upande wa pili wa Mlima Elgon, nchini Uganda, nzi wa aina hiyo hiyo amepigwa vita kwa miaka ya karibuni, na wahudumu huko walivua kaa na kuwakagua.

Kumbukumbu hiyo isiwe sababu ya mtu yeyote kumwaga dawa ya kuulia wadudu katika mto Yala, Isiukhu au kijito chochote. DDT ya wakati ule ilitumiwa na wataalamu kabla ya madhara yake kufahamika vizuri, na leo matumizi yake yamebanwa na mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimwagwa mtoni huua samaki, kaa na wadudu wanaosafisha maji, na watu wa chini ya mto huyanywa hayo maji jioni. Kuchafua maji ni kosa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999.

Usubi wa matope ni mdogo kuliko wa mtoni, milimita 1 hadi 3, na mabawa yake yana madoadoa. Huzaliana kwenye matope na samadi mbichi, huuma alfajiri na machweo, na huacha uchungu kama cheche ya moto kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio. Kwa mtu wa hapa ni kero zaidi kuliko ugonjwa. Kwa kondoo ni habari nyingine, maana ndiye anayeeneza ugonjwa wa ulimi wa buluu, na kondoo aliyevimba midomo na kuchechemea anapaswa kuonwa na afisa wa mifugo.

Wa tatu, usubi wa mchanga, hahitaji mtu aingie msituni. Ana manyoya, rangi ya vumbi, hukaa ameinua mabawa kama herufi V, na huruka kwa kurukaruka kama kiroboto, kimya kabisa. Huuma usiku, na mchana hujificha kwenye vichuguu vya mchwa na mashimo ya wanyama. Ndiye anayeeneza kalaazar katika maeneo kame kama Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Vijana wengi wa kaunti hii huenda huko kwa vibarua na biashara. Anayerudi akiwa na homa ya wiki kadhaa isiyosikia dawa ya malaria, akikonda huku tumbo la upande wa kushoto likivimba, amwambie daktari alikokuwa. Asipotaja safari, ugonjwa huo ni rahisi kupitwa.

Kujikinga na wote hawa hakuhitaji fedha nyingi. Suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi humkinga anayefanya kazi ukingoni mwa mto. Nguo za rangi nyepesi ni bora, kwa kuwa usubi wa mtoni huvutwa na rangi za giza. Kofia yenye wavu huwafaa wachuma chai na waongoza watalii. Dawa ya kupaka ngozini yenye DEET husaidia dhidi ya wanaouma, ila isipakwe karibu na macho wala kwenye viganja vya watoto wadogo.

Nzi akiingia jichoni, jicho lisifikichwe. Mikono ioshwe, kisha jicho limiminiwe maji safi mpaka mdudu atoke. Maji ya majani, mkojo na dawa aliyoandikiwa jirani visitiwe humo. Vidonda vya mboni vinavyoanza hivyo vinaweza kumwacha mtu na kovu la kudumu. Jicho likibaki jekundu, likitoa usaha, likiuma kwenye mwanga au kuona kwa ukungu baada ya siku moja, safari ni ya kituo cha afya.

Na anayeumwa miguuni mchana karibu na mto na nzi mwenye nundu asiogope wala asinyamaze, kwa sababu aina nyingine za usubi wa mtoni bado zipo na anayeweza kuzitofautisha ni mtaalamu mwenye darubini. Anachohitaji mtaalamu huyo ni mdudu mzima. Aliyepondwa kwa kofi hana tena nundu wala vipapasio vya kutazamwa. Njia rahisi ni kumngoja atue, kumfunika kwa chupa ndogo tupu ya dawa, kisha kutia spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda kidogo tu. Kwa wale wanaoelea kichwani, kitambaa cheupe kilicholowa kidogo kikipitishwa hewani huwanasa wachache. Picha ya simu juu ya karatasi nyeupe, pamoja na rula pembeni, husaidia pia.

Chupa ipelekwe kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au afisa wa afya ya umma wa wadi, ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli na kuwekwa ndani, kwa sababu spiriti hufuta wino. Karatasi hiyo itaje tarehe, saa, mto au njia ya msitu iliyo karibu, na mahali mdudu alipokuwa: akielea kichwani, machoni akinyonya machozi, au mguuni akinywa damu.